Je, kisasi maana yake ni haki? Jibu kwa msomaji

"Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita mdogo wangu alipigwa na vijana wa mtaa wa pili kwa ugomvi wa bodaboda, wakamvunja mkono. Binamu yetu, ambaye amesoma madrasa miaka mingi, anawaambia vijana wa nyumbani kwamba kisasi si kosa, kwa kuwa neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni haki, ila sisi Waswahili tumeliharibu. Mama yangu ni Mkristo, naye anasema kisasi ni cha Mungu, basi. Mimi shuleni niliambiwa ni neno letu la Kibantu, ki- na sasi, ingawa hakuna aliyenieleza sasi ni nini. Sasa nyumbani watu wanagombana kwa neno moja huku vijana wakipanga kwenda huko Jumamosi. Naomba unieleze neno hili limetoka wapi, lilimaanisha nini, na binamu yuko sahihi kiasi gani. Na tunaposema, ni kulipa kisasi au kulipiza kisasi?"

Marahaba, mwanangu. Pole wewe, pole mdogo wako, na pole mama, maana yeye ndiye anayelala akisikia mipango ya Jumamosi chumba cha pili. Nitalijibu swali lako kwa urefu kwa sababu lina uzito. Lakini kama vijana wamekwisha kutaja panga, nondo au jina la mtu, usiendelee kusoma. Nenda leo kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi, maelezo ya lugha utayakuta hapa hapa.

Ninavyokuelewa, chini ya maswali yako yote kuna moja: je, asili ya neno inaweza kumpa mtu ruhusa ya kutenda? Binamu yako anaamini inaweza. Amepata nusu ya ukweli, tena nusu iliyo nzuri, ila nusu aliyoiacha ndiyo inayomkataza kwenda.

Hilo la shuleni ni jepesi, tulimalize kwanza. Hakuna sasi. Kisasi ni neno la Kiarabu, qisas, na ile ki- ya mwanzo ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Masikio ya Waswahili yaliisikia kama kiambishi cha ngeli ya ki-vi, na neno likapata wingi wa kwetu: visasi. Kitabu kilipita njia hiyo hiyo. Kwa Kiarabu ni kitab na wingi wake ni kutub. Sisi tukasema vitabu na tukaendelea na safari. Kiasi nacho kimetoka kwa qiyas. Sauti zilibadilika kwa kanuni zinazojulikana: q ya Kiarabu, inayotamkwa nyuma kabisa ya kinywa, ikawa k kama katika kalamu, s nzito ikawa s yetu ya kawaida kama katika sanduku na subira. Kwa kuwa maneno yetu hupenda kuishia kwa irabu, ikaongezwa moja mwishoni, na hata hiyo haikuokotwa ovyo. Baada ya sauti za midomo, b na m, mara nyingi tunaweka u: kitabu, sababu, kalamu, salamu. Baada ya s, t au r tunaweka i: kiasi, almasi, libasi, waziri. Kisasi kimekaa kwenye safu hiyo sawasawa. Aliyekuambia ni la Kibantu alidanganywa na umbo lake, na si ajabu, maana limevaa ngeli yetu kama mwenyeji.

Sasa tuingie ndani. Mzizi wa qisas ni herufi tatu za Kiarabu, qaf na sad mbili, na mzizi huo umezaa maneno matatu ambayo wewe unayatumia kila siku bila kuyaona kama ndugu. La kwanza ni kisasi. La pili ni kisa, kutoka qissa, yaani simulizi. La tatu ni mkasi, kutoka miqass, chombo cha kukatia. Hili la mwisho lilifika likiwa na mi- mwanzoni, Waswahili wakaisikia kama wingi, mikasi, kisha wakatengeneza umoja wake.

Kukata, kusimulia na kulipiza vimekutanaje? Kitenzi cha Kiarabu qassa kina maana mbili kubwa. Moja ni kukata. Nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi, ni kufuata nyayo: kuinama na kutazama alama za miguu mchangani, ukitia mguu wako pale alipotia mwenzako. Imo ndani ya Kurani kwa maana hiyo kabisa. Mama yake Musa alipomweka mtoto mtoni, alimwambia dada yake Musa amfuatilie, na neno alilotumia ni la mzizi huu. Utalikuta katika sura ya 28, aya ya 11. Na sura hiyo yenyewe inaitwa Al-Qasas, Visa. Katika sura ya 18, aya ya 64, Musa na kijana wake waligundua wamepita mahali walipokuwa wakipatafuta, wakarudi wakifuata nyayo zao wenyewe, na hapo tena neno ni hilo. Msimuliaji wa kisa hufuata nyayo za tukio, hatua baada ya hatua, asiruke wala asiongeze. Na qisas ni kumfuata mkosaji katika nyayo za kosa lake: alichofanya, kwa kipimo alichokifanya, afanyiwe yeye. Mguu uingie kwenye alama ya mguu. Ukizidi alama, hukufuata tena.

Binamu yako aliposema neno hili linahusu haki, alikuwa anakaribia hapa. Lakini ili uone kwa nini Waarabu walihitaji neno la namna hiyo, lazima ujue walikuwa wanaishi vipi kabla yake.

Kuna vita ambavyo masimulizi ya Waarabu huviita vita vya Basus, vilivyopiganwa karibu karne moja kabla ya Uislamu, kati ya makabila mawili ya ndugu, Bakr na Taghlib. Mkuu wa Taghlib aliitwa Kulaib, mtu mwenye nguvu na kiburi, ambaye hakuruhusu mnyama wa mtu kulisha katika malisho yake bila idhini. Siku moja ngamia jike wa mgeni wa mwanamke mmoja aitwaye Basus aliingia malishoni humo. Kulaib akamchoma mshale kwenye kiwele. Ngamia akarudi nyumbani damu na maziwa vikimtoka pamoja. Basus akapiga mayowe kwamba amedhalilishwa mbele ya jamaa zake. Mpwa wake, Jassas, akachukua mkuki akamuua Kulaib. Na dada yake Jassas, Jalila, ndiye aliyekuwa mke wa Kulaib. Kwa ngamia mmoja, mwanamke akawa mjane kwa mkono wa kaka yake.

Hapo mtu angeweza kusema: damu kwa damu, auawe Jassas, mambo yaishe. Hayakuisha. Ndugu wa Kulaib, Muhalhil, hakumtaka Jassas peke yake. Kwake yeye hakuna mtu wa Bakr aliyekuwa na thamani ya Kulaib, kwa hiyo hata wangekufa wangapi, hesabu isingetimia. Masimulizi husema vita vilidumu miaka 40.

Sehemu inayoniumiza zaidi ni hii. Kulikuwa na mzee wa heshima upande wa Bakr, Harith bin Ubad, aliyekataa kuingia vitani akisema ugomvi huo haumhusu. Kijana wa nyumbani kwake, Bujair, akaangukia mikononi mwa Muhalhil, naye akamuua. Harith alipopata habari alisema maneno ya mtu mwenye subira ya ajabu: kama damu ya Bujair itasawazisha ya Kulaib na watu wapatane, basi ni kifo chenye baraka. Ndipo akaambiwa Muhalhil alitamka nini alipokuwa anamchoma. Alisema: hii ni kwa ajili ya ukanda wa kiatu cha Kulaib. Yaani uhai mzima wa kijana ulilipa kamba ya ndara tu, Kulaib mwenyewe bado hajalipwa. Harith, aliyekaa kando miaka yote, akaomba farasi wake, akaingia vitani.

Waarabu walikuwa na jina la kulipiza kwa namna hiyo, tha'r, na bado lipo. Kusini mwa Misri, katika Bonde la Nile, watu hulitamka tar, na koo zinaendelea kufukuzana kwa sababu yake. Tha'r haina mwisho kwa kuwa mwenye kupima ni mwenye kidonda, na kidonda chake mtu hukiona kikubwa kuliko cha mwenzake daima. Walikuwa pia na neno intiqam, kulipiza kwa ghadhabu. Qisas ni neno la tatu, na kazi yake ilikuwa kuyafunga hayo mawili.

Kisome sasa kile ambacho binamu amekisoma madrasa, lakini kisome mpaka mwisho. Sura ya pili ya Kurani, Al-Baqara, aya ya 178, inaweka sheria ya qisas kwa waliouawa, na inasisitiza usawa: muungwana kwa muungwana, mtumwa kwa mtumwa, mwanamke kwa mwanamke. Kabila lenye nguvu lisidai muungwana kwa ajili ya mtumwa wake, wala wanaume kumi kwa mmoja. Katika aya hiyo hiyo, bila hata kuvuta pumzi, mlango wa msamaha unafunguliwa: aliyesamehewa na ndugu yake, basi malipo yafuatiliwe kwa wema na yatolewe kwa wema. Hayo malipo ndiyo dia. Aya inayaita nafuu na rehema, na inamwonya atakayevuka mpaka baada ya hapo. Kisha 179 inasema kwamba katika qisas kuna uhai, enyi wenye akili. Wanaoitaja aya hiyo kuhimiza kupigana wanaisoma nusu. Uhai unaozungumzwa ni wa wale ambao tha'r ingewameza, kina Bujair.

Halafu kuna jambo moja ambalo ningependa sana binamu alisikie, na si kutoka kwangu. Mimi ni mtu wa lugha, fatwa si yangu. Amwendee sheikh anayemheshimu amuulize maswali haya mawili. La kwanza: mkono uliovunjwa una qisas? Kurani katika 5:45 inataja jicho kwa jicho, jino kwa jino, na majeraha kwa kipimo chake. Lakini wanazuoni wengi wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wamesema mfupa uliovunjika, ukiacha jino, hauna qisas. Sababu yao inarudi kwenye maana ya neno: huwezi kuuvunja mfupa wa mtu mahali pale pale, kwa kiasi kile kile, usizidishe hata unywele. Pasipo na usawa hapana qisas, panabaki fidia. Kwa hiyo tukilishika neno kwa ukali wote kama binamu anavyotaka, suala la mdogo wako linaishia kwenye malipo.

La pili: nani anatekeleza? Hata katika nchi ambazo qisas imo ndani ya sheria za dola, kama Saudi Arabia na Iran, hupita mbele ya hakimu, ushahidi husikilizwa, na familia ya aliyeumizwa huulizwa kama inasamehe au inapokea dia. Na anayeguswa ni mkosaji mwenyewe. Rafiki yake aliyekuwa amekaa kijiweni siku ile haguswi. Vijana kumi kwenda usiku mtaa wa pili hakujawahi kuitwa qisas na mwanazuoni yeyote. Kwetu Afrika Mashariki hata mlango huo wa hakimu haupo kwa jambo la namna hii: mahakama za Kadhi, za Kenya kwa Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 na za Zanzibar kwa sheria zake, hushughulika na ndoa, talaka, mirathi na mambo ya mtu binafsi. Kupigwa na kuvunjwa ni jinai, kwenu Tanzania kunaangukia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Nimemaliza na binamu. Mama je?

Mama anasoma Biblia ya Kiswahili, na humo Warumi 12:19 inasema, "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu, maana imeandikwa, Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Paulo alikuwa ananukuu Kumbukumbu la Torati 32:35, na pale kwenye Kiebrania neno ni naqam. Sikiliza vizuri: naqam ya Kiebrania na intiqam ya Kiarabu ni mzizi mmoja, maana lugha hizo ni ndugu. Wafasiri wa Biblia walipofika hapo walihitaji neno la Kiswahili, wakachukua kisasi. Wafasiri wa Kurani nao walipofika kwenye qisas, wakachukua kisasi hicho hicho. Neno moja la Kiswahili likabeba mizigo miwili: kipimo cha hakimu upande mmoja, ghadhabu upande mwingine. Mama na binamu wanapogombana sebuleni, kila mmoja ameshika mzigo wake, na kila mmoja anadhani mwenzake anaukana.

Kwenye jambo lenyewe hawako mbali kama wanavyodhani. Kurani 3:4 inamtaja Mwenyezi Mungu kuwa ni mwenye intiqam. Basi ile naqam ambayo mama anasema ni ya Mungu, kitabu cha binamu nacho kinaitaja kuwa sifa ya Mungu. Na ile qisas ya binamu, Agano la Kale analolisoma mama linayo pia: jicho kwa jicho imo katika Kutoka 21, na Hesabu 35 inaweka miji sita ya makimbilio ili aliyeua bila kukusudia apate pa kujificha mbali na mwenye kutwaa kisasi, mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Ni wasiwasi ule ule wa Bakr na Taghlib, watu wanatafuta namna ya kuuzuia mkono wa ndugu mwenye uchungu mpaka mwenye kupima afike. Yesu katika Mathayo 5 alikwenda mbele zaidi, akataka hata kile kipimo halali kiachwe. Hapo ndipo mama anaposimama, na sitajifanya kwamba tofauti hiyo haipo. Ipo. Lakini ni tofauti kati ya kupima na kusamehe, na hakuna hata mmoja kati yao aliye upande wa Jumamosi.

Sasa kulipa au kulipiza. Hapa tunaingia kwenye nusu ya msemo ambayo ni yetu kabisa, na mimi naipenda kuliko ile nyingine.

Lipa ni kitenzi cha Kibantu cha zamani sana. Wakikuyu wana kũrĩha. Wanyarwanda na Warundi wana kuriha. Washona wa Zimbabwe wana kuripa, nao hulitumia kwa jambo zito mno: mtu akiuawa, roho yake, ambayo kwa Kishona huitwa ngozi, husumbua ukoo wa muuaji mpaka ukoo huo uripe, yaani utoe ng'ombe na kusawazisha na familia iliyofiwa. Ukiyatazama maneno hayo pamoja unaona kwamba lipa halikuanzia dukani. Kabla ya sarafu, kilicholipwa zaidi kilikuwa kosa, na malipo yalikuwa kujaza pengo ulilolichimba.

Kutoka lipa tukapata vitenzi viwili vya kumfanya mtu mwingine alipe, kisha tukavigawia kazi. Kulipisha kukabaki kwenye nauli na ada: kondakta amenilipisha mara mbili. Kulipiza kukaenda kwenye makosa. Kwa hiyo kumlipiza mtu kisasi ni kumfanya alipe kwa alichotenda. Anayelipa ni mkosaji. Kwa muundo huo, kulipiza kisasi ndiyo kauli iliyonyooka zaidi kwa yule aliyetendewa, na katika insha ningekushauri uandike hivyo. Kulipa kisasi si kosa hata hivyo. Lina maisha yake ya miaka mingi, magazeti ya michezo hulitumia kila msimu, timu iliyofungwa mzunguko wa kwanza ikishinda wa pili "imelipa kisasi", na hakuna msomaji anayepotea. Linawezekana kwa sababu lipa kwa Kiswahili hutazama pande mbili: kutoa unachodaiwa, na kumrudishia mtu alichokutendea. Ndiyo maana ukimsaidia bibi kubeba ndoo atakuambia "Mungu akulipe", nawe unafurahi. Na aliyedhulumiwa shamba husema "Mungu atamlipa", kila mtu akanyamaza. Warumi 12 imesimama kwenye upande huo wa pili.

Kamusi za zamani za Kiswahili, zilipolieleza neno kisasi, hazikutaja kurudisha ubaya peke yake. Fidia nayo ilikuwamo. Leo ukimuuliza kijana wa miaka 20 kisasi ni nini, fidia haitakuja mdomoni mwake. Atakuambia ni kumrudishia mtu hadi ajute. Hapo binamu ana hoja anaposema tumelibadilisha. Ila mimi sikubali tunapoambiwa tumeliharibu, wala kwamba maana ya zamani ndiyo ya kweli na hii ya sasa ni batili. Karam kwa Kiarabu ni ukarimu. Kwetu karamu ni pilau na watu wamekaa mkekani, na hakuna anayekosea. Neno huwa na maana ambayo wasemaji wake wanaelewana kwayo leo. Kijana akisimama barazani akasema "twendeni tukalipize kisasi", wenzake hawasikii fiqhi wala nyayo za mchangani. Wanasikia wito wa kwenda kupiga. Binamu hawezi kusema neno kwa maana ya leo, kisha akajitetea kwa maana ya karne ya saba.

Kiswahili cha sasa kina maneno mengine ya jambo hili, na ni vizuri nyumbani mkayatenganisha, maana yanachanganywa kwa makusudi. Kujihami, au kujitetea, ni kumzuia anayekupiga wakati anakupiga. Sheria inalikubali kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mdogo wako angefanya hivyo siku ile, asingekuwa na kosa. Kujibu mapigo ni lugha ya taarifa za vita na za mpira, wanaopigana wangali uwanjani. Kukomoa ni kumfanyia mtu jambo ili aumie tu, hata kama wewe hupati kitu. Kupanga siku tatu kabla, kukusanya watu, kwenda mtaa wa wengine usiku, hilo haliwezi kuitwa kujihami wala kujibu mapigo, na kwa sheria kila aliyekwenda atahesabiwa, hata yule atakayedai alikuwa amesimama tu pembeni.

Basi mna njia gani? Mnaweza kusamehe kabisa. Mama angependa hivyo, na Kurani 42:40 nayo inamsifu anayesamehe na kusuluhisha, baada ya kukiri kwamba malipo ya ubaya ni ubaya ulio mfano wake. Lakini msamaha ni wa mdogo wako kuutoa, mkono ni wake. Asisukumwe kusamehe ili nyumba ipate usingizi. Msamaha wa namna hiyo hugeuka kinyongo, na kinyongo hurudi siku ambayo hamkuitegemea.

Mnaweza kukaa na wazee wa pande zote mbili, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na sheikh au mchungaji akiwapo. Njia hii ni ya haraka, na kwa kuwa mnaendelea kuishi jirani, ndiyo inayoponya zaidi ikienda vizuri. Ikienda vibaya, mwenye fedha humnyamazisha asiye nazo. Msiende mkutanoni kabla jambo halijaandikwa polisi, na makubaliano yoyote yaandikwe yasainiwe.

Mnaweza kushitaki. Itachukua muda, mtaitwa na kurudishwa, na kuna siku mtatamani mngeacha. Nakuambia ukweli huo mapema ili usije ukakata tamaa mwezi wa pili. Lakini mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza pia kumwamuru alipe fidia juu ya adhabu yake, na ndiyo njia pekee kati ya hizi ambayo vijana wale hawawezi kuikwepa kwa kutokuja.

Kwa vyovyote mtakavyochagua, hakikisheni PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imechukuliwa kituoni na imejazwa na daktari. Kama mdogo wako alitibiwa bila hiyo, nendeni sasa mkaulize, msisubiri bandeji itoke. Wekeni risiti zote za hospitali, dawa na nauli. Andikeni siku ambazo hakuendesha pikipiki na alichokuwa akiingiza kwa siku. Chukueni majina ya walioona, kabla hawajaanza kusahau au kushawishiwa. Binamu ndiye apewe kazi ya kuandika daftari hilo. Amesoma, ana mwandiko, na tayari vijana wanamsikiliza.